Sadaka ya Maji ya Marehemu Mahfoudh

Kitu alichokitamani Bi Ulfat tangu alipoolewa hakikuwa dhahabu wala safari ya Dubai. Kilikuwa choo chake mwenyewe. Asicheke mtu. Nyumba ya Kikwajuni, mjini Unguja, aliyoingizwa akiwa bibi harusi ilikuwa na mawifi, watoto wa mawifi, mjomba mmoja asiyekuwa na pa kwenda, na choo kimoja mwisho wa ukumbi. Kila asubuhi watu walipanga foleni na makopo yao mkononi, na mjomba akishaingia hatoki mpaka amalize kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio yake. Katika foleni hiyo Bi Ulfat alizaa, akalea, akashona kofia za viua, tundu kwa tundu, mpaka macho yakaanza kumwuma. Mumewe Mahfoudh, mchukuzi wa mizigo bandarini Malindi, alikuwa akimwambia, "Subiri, Ulfat. Ntakujengea nyumba yenye choo cha mtu mmoja." Akafa ghafla, kwa moyo, kabla hajasimamisha hata tofali. Alichomwachia ni kiwanja.

Kiwanja chenyewe kipo Kwa Machimbo, nje ya mji, mbele ya Fuoni. Ukipita leo utaona nyumba zimepangana, mabati mekundu na mekundu zaidi, na hutajua kwamba hapo palikuwa shimo. Malori yalichota mchanga, yakachota mawe, yakachota mpaka yakafika kwenye mwamba, kisha yakaondoka yakaliacha shimo na vyura wake. Baadaye wakaja wengine kulijaza. Walilijaza kwa kila kilichokosa pa kutupwa: kuta zilizobomolewa, vigae, magodoro, mifuko, matairi. Katapila likasawazisha, ukamwagwa udongo mwekundu juu kama poda kwenye uso wenye ndui, na vikakatwa viwanja.

Bi Ulfat alipoanza kujenga, kwa fedha za kofia na sehemu yake ya urithi, alikuja bwana afya wa eneo lile, kijana mpole aitwaye Simai. Alivua viatu, akaamkia, akamsubiri mama wa watu amalize kuwagombeza mafundi.

"Umekuja kunipa hongera au kunipa kazi?" aliuliza Bi Ulfat.

"Nimekuja kuuliza, choo unakichimba wapi?"

Simai alikuwa na ufito wa chuma. Aliusukuma ardhini, ukazama mpaka mkononi bila kusita, na alipouvuta ulitoka na uzi wa mfuko wa plastiki. "Huu si udongo, Bi Ulfat," alisema. "Udongo ndio unaochuja maji machafu, yakashuka pole pole, yakafika chini yashapungua ubaya. Udongo wa hapa ulipakiwa kwenye malori, mji umejengwa nao. Chini ya kifusi hichi pana mwamba mtupu wenye nyufa. Ukimwaga kitu hapa hakishuki. Kinaanguka."

Kisha akamtajia njia zilizopo. Lipo tangi lililozibwa kila upande, likijaa linaitiwa gari la kunyonya. Bi Ulfat akamwonesha njia: jirani yake Abdulwahid, muuza vifaa vya ujenzi Darajani, ukuta wake ulikuwa umeshaila nusu. "Gari lipite wapi? Hata maiti ikitoka hapa itatoka kwa ubavu." Lipo tangi la vyumba viwili, uchafu ukabaki ndani, maji yakapandishwa kwa pampu ndogo kwenye tuta la mchanga safi lililoinuliwa juu ya ardhi na kuoteshwa majani, ili mchanga huo ufanye kazi ya udongo uliokwenda. Tuta likae wapi? Mbele ya nyumba, kwengine hapana nafasi. "Yaani mgeni akija nimkaribishe juu ya choo." Kipo choo kikavu, kisichotiwa maji, uchafu hufukiwa kwa majivu. Hapo Bi Ulfat, aliyezoea kujisafisha kwa maji, alimtazama yule kijana. "Na kustanji tustanji kwa majivu, baba?" Simai mwenyewe akacheka. Basi nyumba zote za mstari ule zishirikiane, tangi moja kubwa na bwawa la kokoto na matete la kuchujia maji mwisho wa mtaa. Bi Ulfat akamwambia kwamba watu wa pale hawajakubaliana hata taa ya njiani iwekwe mbele ya nyumba ya nani.

Simai akavaa viatu. "Lolote utakalochagua, mama, usichimbe shimo la kunywa."

Hilo ndilo hasa alilolichimba. Shimo la kunywa ni shimo linalochimbwa mpaka mwamba utoboke, likapata ufa, kila kinachoingia kikaenda zake. Kwa Machimbo mtu akipata shimo la namna hiyo alipewa mkono kama aliyepata mtoto wa kiume. Aliyelichimba alikuwa Machano, mtu mkubwa wa mwili, mwingi wa maneno, anayejua kuwapendezesha wenye nyumba. Alikita mtaimbo siku nzima, na alasiri mtaimbo ukamponyoka mkononi, nusura umezwe wote. Ukapanda upepo wa baridi kutoka chini. Wakamimina pipa la maji. Yalitoweka kwa sauti ya mtu anayemeza, na walipoinama kusikiliza hawakusikia yanatua.

"Hili halijai, Bi," alisema Machano akijifuta jasho. "Utakufa weye, watakufa wajukuu zako, hili halijai."

Alilisema kama bishara njema, na Bi Ulfat alilipokea hivyo. Siku ile alipika pilau. Abdulwahid alikuja, akachungulia, akatikisa kichwa kwa wivu, na wiki ile ile akamwita Machano kwake. Wakafuatia wengine mstari mzima. Kila mmoja alikuwa na kisima, maana maji ya mfereji wa serikali hayajafika kule, na kila mmoja kwa akili zake aliweka shimo lake mbali kabisa na kisima chake. Viwanja ni vidogo. Mbali na kisima chako ni karibu na kisima cha mwenzio. Shimo la Bi Ulfat lilikaa kwenye kona inayopakana na kwa Abdulwahid, na upande wa pili wa ukuta, hatua chache tu, ndipo Abdulwahid alipochotea maji yake ya kunywa. Na shimo la Abdulwahid lilikaa kona nyingine, karibu na kisima cha Bi Ulfat. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake kwa kusudi. Walikuwa wakipelekeana vyakula juu ya ukuta ule ule.

Nyumba ilipokwisha, Bi Ulfat alifanya jambo alilokuwa amelitia nia tangu eda. Alitoa paipu kutoka kisimani mwake hadi nje ya ukuta, akaweka mfereji wenye koki njiani, maji ya bure kwa mpita njia na asiye na kisima, sadaka ya Mahfoudh. Mtu akifa matendo yake hukatika, ila maji aliyowaachia watu huendelea kumwandikia thawabu kila anapokunywa kiumbe. Hilo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Mahfoudh alibeba mizigo ya watu maisha yake yote na hakuacha msikiti wala kitabu. Sasa alikuwa na mfereji. Kila aliyejaza ndoo alisema, "Mungu amrehemu Mahfoudh," na Bi Ulfat, ndani dirishani na kofia yake mapajani, aliitikia amin kwa sauti ndogo. Miaka ile ilikuwa ya furaha kwake, na ni haki isemwe hivyo.

Kaskazi ya mwaka wa pili ilikuwa kali, jua tupu. Vijiji vya jirani, vyenye visima vya tangu enzi za mababu, vilianza kuchota tope. Kwa Machimbo maji hayakushuka hata shubiri. Kinamama walikuja kutoka mbali na madumu yao, wakasimama foleni kwenye mfereji wa Mahfoudh, wakasema ni baraka ya marehemu, mtu yule alikuwa na nia safi. Shimo halijai, kisima hakikauki. Bi Ulfat alihisi kama amepewa zawadi mbili kwa mkono mmoja, na watu wakipewa kitu kizuri huwa hawana maswali.

Na maji yenyewe yalikuwa mazuri kuyatazama. Bi Ulfat alikuwa mtu wa tohara, anajua masharti. Kila asubuhi alijaza bilauri, akaitazama juani, akainusa, akaonja. Rangi haijabadilika, harufu hakuna, ladha ni ya maji. Maji mengi, hayajaharibika sifa zake, ni tahir. Aliyemfundisha hivyo hakumfundisha uongo. Ila somo lile lilikuwa la udhu na swala, na yeye alilichukua akalipeleka jikoni.

Tumbo la kuendesha lilianza na masika. Watoto wa mtaa ule walikuwa wakiendesha, wakipona, wakiendesha tena, na wazazi wakasema ni maembe, ni meno, ni mabadiliko ya hewa. Bibi mmoja wa nyumba ya mwisho alitapika tangu alfajiri na adhuhuri akawa amekwisha. Wakasema umri wake ulikuwa umefika. Ukuta wa sebule ya Bi Ulfat ulipasuka kwa ufa mwembamba, kwani kifusi kilikuwa kinashuka chini ya nyumba, na akamwita fundi akauziba kwa saruji. Ukafunguka tena pale pale.

Ndipo Nadhira, binti yake wa pekee, akaja kujifungua kwa mama yake kama ada. Alizaliwa mtoto wa kike, wakamwita Wanu, mwembamba, mwenye nywele nyingi. Bi Ulfat alimwogesha mwenyewe, akamkanda Nadhira kwa maji ya moto, akawasha udi. Alikuwa ameisubiri arobaini ile tangu Kikwajuni, binti yake na mjukuu wake chini ya paa lake. Nadhira alikuwa na maziwa machache, basi mtoto akaongezewa ya kopo, yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Yalipashwa moto tu kidogo, kwa kuwa yalikuwa maji safi.

Wanu akaanza kuendesha. Walimpeleka hospitali, akapewa maji ya chumvi na sukari, akapona, wakarudi naye. Kabla wiki haijesha akaendesha tena, na utosi wake ukabonyea. Daktari wa kike aliyempokea aliuliza mara moja tu, "Mnakunywa maji gani?" na Bi Ulfat akajibu kwa fahari, "Ya kisima changu, daktari, hayajapata kukauka." Daktari akaandika.

Katika siku hizo hizo Abdulwahid alimwoza bintiye kijijini Kendwa, kwa watu wa mkewe. Mstari mzima ulikwenda, mabasi mawili na ngoma. Bi Ulfat alibaki na Nadhira mzazi na kitoto. Mtaa ukawa kimya, hata kuku walionekana hawana la kufanya. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku iliyofuata pampu ilianza kukohoa, ikavuta hewa. Alifunua kifuniko cha kisima, akachungulia. Maji yalikuwa yameshuka urefu wa mtu mzima. Ukutani yaliacha mstari mweusi, wenye utelezi, pale yalipokuwa siku zote.

Aliingiwa na hofu, lakini hofu yenyewe ilikuwa ya upande mwingine: aliogopa kisima kimekufa, na sadaka ya Mahfoudh imekatika. Aliswali rakaa mbili, akaomba maji yarudi.

Yalirudi. Watu walirudi kutoka harusini jioni, wamechoka, wana vumbi. Alisikia kila nyumba ikioga, ikifua, ndoo zikimwagwa, vyoo vikivutwa, watoto wa Abdulwahid wakigombania bafu. Asubuhi Nadhira alikwenda kisimani, akarudi anatabasamu.

"Mama, maji yashapanda. Baraka imerudi."

Bi Ulfat alitoka kwenda kuangalia mwenyewe. Maji yalikuwa pale pale kwenye mstari mweusi, meupe, yametulia, uso wake unaonekana ndani. Ng'ambo ya ukuta, kwa Abdulwahid, mtu alivuta choo. Alisikia maji yakishuka kwenye paipu, yakaingia shimoni, kisha kimya, hayakutua popote. Akabaki ameshika ukingo wa kisima. Baraka haikwenda Kendwa. Waliokwenda Kendwa ni watu. Alitapika pale pale, kando ya kisima, na alipomaliza akatafuta maji ya kusukutua akakuta hana.

Simai alipoitwa hakumwambia, "Nlikwambia," jambo ambalo Bi Ulfat alimshukuru kwalo baadaye. Alichukua maji kwenye vichupa, ya kisima cha Bi Ulfat na cha Abdulwahid na vya wengine wawili watatu, akaenda navyo kupimisha. Alirudi uso umekauka. "Msinywe," alisema. "Visima vyote vya mstari huu. Chini ni shimo moja, mama. Lile lile la zamani, mmelifunika tu. Mnachokimwaga ndicho mnachokichota."

Nadhira hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameshafunga nguo za mtoto.

"Arobaini haijesha, mwanangu," alisema Bi Ulfat.

"Nnakwenda Kikwajuni, mama. Kuna foleni, lakini kuna maji ya mfereji." Alimfunika Wanu kichwa, akatoka bila kumpa mama yake amkumbatie. Hakuwa na hasira. Alikuwa na woga, na woga wa mzazi hauna adabu.

Bi Ulfat aliufunga mfereji wa njiani kwa kufuli siku ile ile. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema amepata tenda ya kuuza maji hotelini. Wengine wakasema mjane akishika nyumba hubadilika. Alimwomba Simai aje aseme mwenyewe, na baada ya swala ya alasiri watu wakakusanyika njiani. Simai alieleza yote, nyufa, kifusi, mashimo, akarudia zile njia za tangi na tuta la mchanga, akasema sasa hata hilo la kushirikiana linawezekana wakikubaliana. Walimsikiliza kwa heshima.

Kisha Abdulwahid aliingia kwake akatoka na bilauri ya maji ya kisima chake. Hakuwa mtu mbaya. Pilau ya harusi ya bintiye alikuwa amemletea Bi Ulfat sahani nzima kutoka Kendwa. Aliinua bilauri juani kila mtu aione.

"Rangi ipo? Harufu ipo?" Akanywa yote. "Ladha hakuna. Haya ni maji tahir."

"Kwa kutawadhia sibishi, mzee," alisema Simai. "Kunywa ni jambo jingine."

"Nnayanywa mie na wanangu kila siku. Au unasema mie nawanywesha wanangu uchafu?"

Swali hilo lilimtaka mtu ajibu ndiyo mbele ya mtaa mzima, na Simai alikuwa na umri wa wanawe. Bi Ulfat ndiye aliyefungua kinywa. "Abdulwahid, ndugu yangu, kisima chako kipo ubavuni mwa shimo langu," alisema. Lakini watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Abdulwahid hakulala na jambo lile. Alimwonea huruma. Aliona mjane ametiwa hofu na vijana wa ofisini mpaka anaikata sadaka ya mumewe kwa mkono wake. Siku chache baadaye, Bi Ulfat alipokwenda Kikwajuni kumwona mjukuu, Abdulwahid alitoa paipu dukani kwake, mpya, bila ya kumdai mtu, akamwita Machano. Walipitisha paipu kutoka kisima cha Abdulwahid, kando ya ukuta, wakakata kufuli, wakaiunga kwenye mfereji wa Mahfoudh. Machano alifanya kazi yake vizuri, paipu haikuvuja hata tone.

Bi Ulfat alirudi mchana. Wanu alikuwa amenona kidogo, alikuwa amemshika kidole bibi yake, na njia nzima alikuwa akifikiria kidole kile. Alipokata kona aliona foleni. Ndoo, madumu, kinamama wa vijiji vya mbali, wanacheka. Abdulwahid alimpokea njiani, mkono kifuani.

"Bi Ulfat, hatukutaka kukusumbua. Mahfoudh alikuwa mtu wetu sote. Sadaka yake haikatiki, madhali nina kisima."

Alimtazama. Alijua anapaswa kusema kitu, na kitu chenyewe ni kirefu, alishakisema, Simai alishakisema. Mbele yake alisimama mtu aliyetaka kumfanyia wema. Nyuma ya mtu huyo mfereji ulikuwa wazi, maji yanatoka kwa nguvu, na ng'ambo ya ukuta, ubavuni mwa kisima yalikotoka, lilikuwapo shimo la choo chake yeye Bi Ulfat. Maji aliyooga asubuhi yalikuwa yakienda huko. Na yote yaliyotoka chooni mwake tangu alipohamia.

Mama mmoja kijana, na mtoto mgongoni, alijaza dumu lake. Alichota kidogo kwa kiganja, akamnywesha mtoto, akajipangusa kinywa.

"Mungu amrehemu Mahfoudh," alisema.

"Amin," ikaitikia foleni nzima.

Bi Ulfat aliweka mkoba wake chini, akaenda mpaka mferejini, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mama. Hakupaza sauti.

"Kama mnachota, choteni, nshasema mpaka nimechoka," alisema. "Lakini msimtaje. Nakuombeni. Mkinywa haya, msimtaje mume wangu."

Walitazamana. Abdulwahid alishusha macho, akaona aibu kwa ajili yake, akasema kwa upole kwamba mama wa watu ana majonzi, wampishe apite. Wakampisha. Aliyefuata kwenye foleni akasogeza ndoo yake chini ya mfereji, na ilipojaa akajitwisha, na kwa kuwa alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, akamwombea Mahfoudh kimoyomoyo, midomo ikitikisika.